Herufi Kutoka Münchenstein

Mwaka 1956 Max Miedinger aliacha kazi ya mshahara, akiwa na umri wa miaka 45. Kwa karibu miaka kumi alikuwa amezunguka Uswisi akiuza herufi. Zama zile herufi ilikuwa bidhaa ya kushikika: kipande cha risasi iliyochanganywa na bati na antimoni, chenye sura ya herufi kichwani, kilichouzwa kwa uzito kama misumari. Mwenye kiwanda cha chapa alinunua seti nzima, akazipanga katika masanduku yenye vyumba vyumba, na zikichakaa alinunua nyingine. Miedinger aliingia katika viwanda hivyo na kitabu cha mifano mkononi, akionyesha, akiandika oda, akisikiliza malalamiko. Kazi yenyewe aliijua kwa ndani. Ujanani alijifunza kupanga herufi kwa mkono mjini Zürich, jioni akasoma katika shule ya sanaa, kisha akakaa miaka kumi kwenye studio ya matangazo ya Globus, duka kubwa la mjini humo. Sasa alitaka kujitegemea kama msanifu.

Herufi alizokuwa akiuza zilisubiwa katika kiwanda cha Haas, huko Münchenstein kando ya mto Birs, mwendo mfupi kutoka mji wa Basel. Asili ya kiwanda hicho ilirudi nyuma hadi karne ya 16. Mkurugenzi wake, Eduard Hoffmann, alikuwa mzee wa miaka 64. Yeye hakuwa mchoraji, lakini alikuwa na jicho la mtu aliyeishi na herufi, na mwaka ule alikuwa na shida ya biashara. Wasanifu wa Basel na Zürich walipopeleka kazi kwenye viwanda vya chapa walitaka ipangwe kwa herufi moja tu: Akzidenz-Grotesk, iliyotolewa na kampuni ya Berthold ya Berlin mwaka 1898. Haas walikuwa na herufi zao za jamii hiyo, ila zilionekana za kizamani, na wateja walizipita. Hoffmann akaamua kujibu. Kazi akampa mchuuzi wake wa zamani, aliyesikia kwa masikio yake mwenyewe kile ambacho wateja walikuwa wakikikosa.

Jamii hiyo ya herufi ni ipi? Fungua Biblia au riwaya yoyote ya zamani. Kwenye ncha za mistari ya herufi utaona vijistari vidogo, mithili ya nyayo, ambavyo herufi inasimamia. Asili ya nyayo hizo ni herufi ambazo Warumi wa kale walichonga kwenye mawe, na wachapaji wa Ulaya walizirithi na kuzitunza kwa zaidi ya miaka 300. Ndipo mwaka 1816 William Caslon wa Nne, msubu herufi wa London, akatia katika kitabu chake cha mifano mstari mmoja wa herufi kubwa zisizo na nyayo kabisa. Hakujisumbua hata kuzitengenezea herufi ndogo. Miaka ya 1830 watu wa chapa walizitafutia jina, na mojawapo lililoshika ni Grotesque, kwa Kijerumani Grotesk, yaani kitu cha ajabu, kilichotoka nje ya umbo la kawaida. Zilikuwa herufi za matangazo, za kupigia kelele ukutani. Neno Akzidenz nalo lilihusu zile kazi ndogondogo za kila siku za kiwanda cha chapa: kadi, risiti, tiketi, vipeperushi. Staha ilikuwa ya vitabu, na vitabu vilikuwa na nyayo.

Waswisi ndio waliozigeuzia hadhi herufi hizi zisizo na nyayo. Nchi ile ina lugha nne, Kijerumani, Kifaransa, Kiitaliano na Kiromanshi, na tangazo moja mara nyingi hubeba lugha tatu bega kwa bega. Herufi nazo zilikuwa na uraia. Wajerumani hasa walikuwa na Fraktur, herufi za kukunjana na kuvunjika, ambazo mtu aliziona Ujerumani kabla hajasoma neno lolote. Baada ya Vita Kuu ya Pili kizazi cha wasanifu wa Uswisi kilitafuta herufi isiyo ya upande wowote. Emil Ruder na Armin Hofmann walifundisha hivyo mjini Basel. Josef Müller-Brockmann alifanya hivyo Zürich, katika mabango ya tamasha za muziki za ukumbi wa Tonhalle, ambamo maneno machache madogo yalikaa kwenye uwanja mpana wa rangi na maumbo, na bango likajaa. Makampuni ya dawa na kemikali ya Basel, Geigy akiwa mbele, yaliupokea mtindo huo.

Wapo wanaouita mtindo wa baridi, usio na moyo. Mimi nauona vingine. Watu hawa walikuwa wameishi miaka sita wakizungukwa na nchi zilizotumia mabango kuchochea chuki, na waliamini kwa dhati kwamba kazi ya herufi ni kumfikishia msomaji habari, kisha kumwachia aamue mwenyewe. Kimya chao kilikuwa na sababu.

Hoffmann na Miedinger walianza mwishoni mwa mwaka 1956. Miedinger alichora, Hoffmann akatazama, akaandika maoni yake, akarudisha. Mchoro uliokubaliwa ulitengenezewa kalibu, risasi ikamiminwa, herufi zikapigwa chapa ya majaribio, na majaribio hayo Hoffmann akayabandika katika daftari pamoja na tarehe na maelezo. Daftari hilo aliliendeleza hadi mwaka 1965, na kurasa zake zimekwisha kuchapishwa kitabuni. Ni kumbukumbu ya subira. Mezani walikuwa na Akzidenz-Grotesk na herufi nyingine ya zamani kutoka Leipzig, Schelter-Grotesk, za kupimia nazo. Herufi moja ikionekana kujitenga na wenzake ndani ya neno, inachorwa upya. Ikikaa sawa katika neno hili, inajaribiwa katika neno lingine.

Mtu asiyewahi kuchora herufi atadhani kwamba za namna hii ndizo rahisi kuliko zote: shika rula na bikari, umemaliza. Ajaribu. Duara la O likilingana na H kwa kipimo, jicho litaliona fupi. Ni lazima livuke mstari kidogo juu na kidogo chini ndipo lionekane sawa. Ufito wa katikati wa H ukipewa unene uleule wa miguu yake, utaonekana mnene kuliko miguu. Ni lazima ukondeshwe. Pale ambapo upinde wa n unaungana na mguu, weusi hujikusanya kama doa la wino, kwa hiyo upinde hupunguzwa palepale na msomaji asijue. S yenye matumbo mawili yaliyolingana huonekana imezidiwa na kichwa, basi tumbo la chini hupewa ukubwa zaidi. Macho ya binadamu hayafuati rula. Herufi inayoonekana nyoofu imepindishwa mahali kadhaa na mtu aliyekaa, akatazama, akafuta, akachora tena.

Juu ya hila hizo ambazo kila mchora herufi huzihitaji, wawili hawa waliongeza maamuzi yao. La kwanza liko kwenye ncha. Katika herufi nyingi za jamii hii, mistari ya c, e na s hukatwa kwa mshazari, kila moja kwa pembe yake. Miedinger alizikata zote kwa mlalo, sambamba na mstari wa maandishi, kama mtu anayesawazisha ukingo wa paa la makuti. Matokeo yake ni kwamba kila herufi imejifunga, inamtazama jirani yake, na neno zima linasimama kama ukuta uliojengwa kwa matofali ya tanuru moja. Mguu wa R waliushusha karibu wima. G wakaiachia kijiguu chake cha chini upande wa kulia. Miili ya herufi ndogo waliikuza, hata mkono wa h na mguu wa p vikabaki vifupi kwa kulinganisha. Kisha wakazisogeza herufi zikakaribiana, mpaka weupe ulio ndani ya o na weupe ulio kati ya o na n vikawa kama kitu kimoja kinachotiririka. Wachora herufi huutazama weupe huo kuliko weusi. Ukitaka kuona ustadi wa Münchenstein, usitazame wino. Tazama karatasi iliyobaki.

Na a. Herufi ndogo a ya Helvetica, jina ambalo herufi hii ilikuja kupewa, ina tumbo linaloanza kwenye uti wake kwa mpindo laini wenye umbo la tone la maji, na chini kuna kimkia kifupi kinachogusa mstari. Mtu mwenye mazoea huitambua Helvetica kwa herufi hiyo peke yake.

Unene wa kwanza kukamilika ulikuwa wa kati. Mwezi Juni mwaka 1957 herufi ilitambulishwa katika maonyesho ya uchapaji ya Graphic 57 mjini Lausanne, ikiitwa Neue Haas Grotesk, jina la kawaida lenye maana ya Grotesk mpya ya Haas. Mwaka huohuo haikuwa peke yake sokoni. Kampuni ya Bauer ya Ujerumani ilitoa Folio. Kule Paris, kampuni ya Deberny & Peignot ilitoa Univers, kazi ya Mswisi mwingine, Adrian Frutiger, aliyepanga sura 21 tangu mwanzo, nyembamba na nene, za kubanwa na za kutanuka, za wima na za mlazo, kila moja ikiwa na namba yake. Kwa fikra Univers ni kazi pana zaidi, na siwezi kusema vingine. Neue Haas Grotesk ilikua kwa kuongezewa sura moja baada ya nyingine kadiri wateja walivyoomba, na kwa miaka mingi ndugu hao hawakufanana vizuri.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika biashara ya herufi hata kizuri kilihitaji miguu ya mtu, na Miedinger aliyajua hayo kuliko mtu yeyote. Miguu ya herufi hii ilikuwa kampuni ya D. Stempel ya Frankfurt, iliyokuwa na hisa nyingi katika Haas na iliyofungamana na Linotype, jina kubwa la mitambo ya chapa duniani. Stempel waliona kwamba Neue Haas Grotesk ni jina lisilotamkika nje ya nchi za Kijerumani. Heinz Eul, aliyesimamia mauzo yao, alipendekeza iitwe Helvetia, jina la Uswisi kwa Kilatini. Hoffmann hakuona vyema kuipa herufi jina la nchi nzima. Akabadili kidogo: Helvetica, yaani ya Uswisi. Mwaka 1960 jina likatoka hivyo.

Inafaa kusimama kidogo hapo. Stempu za posta za Uswisi zimeandikwa HELVETIA kwa sababu rahisi: nchi yenye lugha nne ingelazimika kuchagua moja au kubandika zote kwenye kikaratasi cha ukubwa wa kidole. Kilatini, lugha isiyo ya mtu yeyote aliye hai, ilimaliza ubishi. Alama ya CH kwenye magari yao ina chimbuko hilohilo. Kwa hiyo herufi iliyochorwa isiegemee upande ilipewa jina kutoka katika lugha iliyochaguliwa isiegemee upande. Hata kama Stempel walikuwa wakiwaza soko tu, sijui jina gani lingeifaa zaidi.

Kuingia kwenye mtambo wa Linotype kulikuwa na gharama yake. Mtambo huo, uliobuniwa na Ottmar Mergenthaler na kuanza kazi katika gazeti la New York Tribune mwaka 1886, haukupanga herufi moja moja. Ulisubu mstari mzima wa maneno kwa mpigo mmoja. Kila kalibu yake ndogo ilibeba sura mbili za herufi ileile, kwa mfano ya kawaida na ya koza, na sura hizo zilipaswa kuwa na upana mmoja. Herufi ya koza kwa asili huhitaji nafasi kubwa kuliko nduguye mwembamba. Hapa moja ilitanuliwa na nyingine ikabanwa ili zitoshe katika kitanda kimoja. Weupe ule ambao Hoffmann aliupima kwa miezi uliyumba, na makosa hayo yakarithiwa na mitambo iliyofuata, mpaka yakahesabiwa kuwa tabia ya herufi yenyewe.

Dunia haikujali. Mwaka 1962 Otl Aicher na wenzake waliipangia Lufthansa sura mpya kwa Helvetica. Marekani, Mike Parker wa Mergenthaler Linotype aliisukuma iingie katika mitambo ya huko. Mwaka 1967 Massimo Vignelli, Mwitaliano aliyehamia New York, aliandika American Airlines kwa Helvetica, nusu nyekundu na nusu buluu, bila hata nafasi kati ya maneno mawili, na nembo hiyo ikakaa kwenye ndege zao zaidi ya miaka 40. Makampuni yaliyokuwa na nembo zenye maua, ngao na mwandiko wa mikunjo yaliyatupa yote hayo. Baadaye herufi hiyo iliandika majina kwenye vyombo vya anga vya NASA vilivyorushwa na kurudi duniani kama ndege. Serikali ziliipenda kwa fomu zake, mabenki kwa milango yake.

Kisa cha treni za chini ya ardhi za New York kinasimuliwa mara nyingi kwa makosa. Vignelli na mwenzake Bob Noorda walipewa kazi ya kunyoosha vibao vya stesheni katika miaka ya 1960, na mwongozo wao mkubwa ulitoka mwaka 1970. Vibao vile vya mwanzo havikuwa vya Helvetica. Vilikuwa vya Standard, jina ambalo Akzidenz-Grotesk iliuzwa kwalo Marekani, yaani ile herufi ya Berlin ambayo Hoffmann alitaka kuishinda. Helvetica iliandikwa rasmi katika kanuni za vibao hivyo mwaka 1989. Abiria wengi hawakuona tofauti, jambo ambalo huenda lingemuuma mzee Hoffmann na kumfurahisha kwa wakati mmoja.

Upinzani ulikuja kutoka kwa wasanifu waliokulia chini ya kivuli chake. Wolfgang Weingart, aliyefundisha palepale Basel, aliuvunja mpangilio wa Kiswisi kwa mikono yake, akizitanua na kuzikatakata herufi hata ukurasa ukapumua kwa fujo. Mmarekani Paula Scher ameeleza katika filamu ya Gary Hustwit kuhusu herufi hii, iliyotoka mwaka 2007 wakati wa kutimiza miaka 50, kwamba ujanani mwake Helvetica ilimjia kama herufi ya makampuni makubwa yaliyounga mkono vita vya Vietnam. Hoja yake naiona nzito. Herufi ikishavaliwa na wenye nguvu kwa muda mrefu, haiwezi tena kudai kwamba haina upande. Hata hivyo mwaka uleule jumba la makumbusho ya sanaa za kisasa la New York, MoMA, lilitia seti ya herufi zake za risasi katika hazina yake.

Kompyuta ndiyo iliyoileta mlangoni kwetu. Mwaka 1985 Apple walitoa printa ya leza iitwayo LaserWriter, na ndani yake zilipakiwa familia nne tu za herufi: Times, Courier, Symbol na Helvetica. Nyuma ya pazia kulikuwa na nyingine. Mwaka 1982 Robin Nicholas na Patricia Saunders wa kampuni ya Monotype ya Uingereza walikuwa wamechora herufi kwa ajili ya printa za leza za IBM, iliyokuja kuitwa Arial. Upana wa kila herufi ya Arial unalingana na ule wa Helvetica, hivyo waraka uliopangwa kwa moja huweza kuchapwa kwa nyingine bila mstari hata mmoja kuhama. Mwaka 1992 Microsoft waliitia Arial katika Windows 3.1, na tangu hapo ikaenda kila mahali ilikokwenda Windows.

Kwa hiyo barua ya maombi ya kazi iliyochapwa steshenari mjini Mwanza au Mombasa, tangazo la mkutano lililobandikwa kwenye mlango wa ofisi ya kata, na mtihani wa majaribio wa darasa la saba, kwa kawaida vikivaa herufi zisizo na nyayo huvaa Arial. Ni binamu, na anajulikana kwa ncha zake. Tazama juu ya t: katika Arial imekatwa mshazari, katika Helvetica ni mraba. Tazama R: mguu wa Arial unateleza kwenda pembeni, wa Helvetica unashuka. G ya Arial haina kile kijiguu cha chini. Na ncha za c na s za Arial zina mshazari kidogo. Ukishaona mara moja, huwezi kuacha kuona.

Kiswahili kiliingia ndani ya herufi hizi bila hodi ngumu. Kamati ya lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 kusanifisha Kiswahili ilifuata mwandiko wa Kilatini usio na alama juu wala chini ya herufi. Tunaandika bila q, bila x, na c haitembei bila h. Tunachokitumia kwa wingi kuliko chote ni a. Hesabu a katika sentensi yoyote ya ukurasa huu. Kwa hiyo ukurasa wa Kiswahili uliopangwa kwa Helvetica unaionyesha zaidi ile herufi yenye tone la maji tumboni, kuliko ukurasa wa Kijerumani ambao e imeutawala. Nimewahi kuchapa aya moja kwa lugha hizo mbili na kuziweka ukutani upande kwa upande, nikasimama mbali hadi maneno yasomeke kwa shida. Aya ya Kiswahili ilikuwa na mapigo, kama ngoma inayorudia pigo moja, na pigo hilo lilikuwa a.

Lakini kuna neno linaloifichua. Ni Ilala, wilaya ya Dar es Salaam. Katika Helvetica, I kubwa ni kijiti na l ndogo ni kijiti. Urefu wao ni mmoja, ya kwanza imenenepa kidogo tu. Asiyelijua jina hilo hataweza kusema kama linaanza kwa I mbili, kwa l mbili, au kwa tarakimu za Kirumi. Lugha yetu huanza sentensi nyingi sana kwa ili, ilikuwa, ilipofika, na kila mara jicho linakutana na fito hizo mbili. Mtu aliyezoea hupita, kwa kuwa muktadha unamvusha. Mtoto anayejifunza kusoma hana muktadha. Ndiyo maana nisingeichagua herufi hii kwa kitabu cha darasa la kwanza, hata kwa upendo wote nilio nao kwake. Hata kwa vibao wapo waliotafuta njia nyingine: Frutiger, alipochora herufi za uwanja wa ndege wa Charles de Gaulle huko Roissy, uliofunguliwa mwaka 1974, aliacha vinywa vya c na e wazi ili visomeke kwa mbali na kwa kasi, kinyume kabisa cha ncha zilizojifunga za Münchenstein.

Jirani zetu walikutana na ukuta mkubwa zaidi. Kikuyu na Kikamba huandika ĩ na ũ, nazo ni irabu kamili zinazobadili maana ya neno. Helvetica iliyokuwa ndani ya LaserWriter ilikuwa na ã na õ za Wareno na ñ ya Wahispania. Ĩ na ũ haikuwa nazo. Jina la Ngũgĩ wa Thiong'o, mwandishi aliyeamua kuandika riwaya zake kwa Kikuyu, lisingeweza kuchapwa sawasawa kwa herufi iliyosifiwa kuwa ni ya watu wote. Likatoka Ngugi, mara elfu na elfu, magazetini na kwenye majalada. Ile ng' ya mwisho, ambayo ni yetu pia katika ng'ombe na ng'ambo, nayo haikusalimika: katika Helvetica ya risasi alama ile ni koma iliyoinuliwa, yenye kichwa cha mraba na kimkia, ilhali kibodi hutoa kijiti kilichonyooka ambacho wachapaji wengi hawakijali. Ubora wa Helvetica ulipimwa na macho mazuri sana. Macho hayo yalikuwa yakitazama maneno ya lugha yaliyozijua.

Siku hizi fonti pana zina ĩ na ũ. Hata Kiarabu, ambacho kwa hati yake watu wa Lamu, Pate na Mombasa walikiandika Kiswahili kwa karne kadhaa, kilipata toleo lake la Helvetica mwaka 2009, kazi ya Nadine Chahine kutoka Lebanon. Aliuelewa mtego. Hakuzilazimisha herufi za Kiarabu kuvaa ncha za Uswisi, bali alitafuta weusi na utulivu unaolingana ndani ya sheria za hati yenyewe.

Eduard Hoffmann na Max Miedinger walifariki mwaka mmoja, 1980. Miaka mitatu baadaye Linotype walizikusanya sura zote zilizokuwa zimezaliwa ovyo, wakazichora upya kwa vipimo vinavyooana na kuzipa namba kwa mfumo wa Frutiger. Familia hiyo ikaitwa Neue Helvetica. Kiwanda cha Haas kilifunga milango mwaka 1989. Risasi ilikuwa imekwisha kazi.

Kulikuwa na kitu kilichopotea njiani. Enzi za risasi kila ukubwa wa herufi ulikuwa na kalibu zake: ndogo zilipewa nafasi zaidi kati yao ili wino usizizibe, kubwa zilikaribiana ili neno lishikamane. Kompyuta ilichukua mchoro mmoja na kuukuza au kuupunguza kwa kila kazi. Mwaka 2004 msanifu wa Kimarekani Christian Schwartz aliombwa na Mark Porter wa gazeti la Guardian aifufue herufi ya mwaka 1957. Gazeti halikuitumia. Schwartz aliikamilisha mwaka 2010 kwa ajili ya Bloomberg Businessweek. Alizirudia chapa za zamani za Haas, akaondoa upana wa kulazimishwa ulioachwa na mtambo wa Linotype, akatengeneza michoro ya aina mbili, mmoja wa vichwa vya habari na mmoja wa maandishi madogo, akazipa jina lake la kuzaliwa: Neue Haas Grotesk. Nafasi ndani ya o na nafasi baada ya o zinatiririka tena. Kimkia cha a kinagusa mstari. Ukiandika Ilala, fito mbili za mwanzo bado zimesimama pamoja, kama Miedinger alivyoziacha.